Kamati ya Likizo ya Baridi

Kwetu Tanga harusi hupangwa kwa vikao. Kuna mwenyekiti, kuna mweka hazina, kuna kadi za michango, na kuna mtu wa chakula asiyepata usingizi mpaka siku ipite. Msiba nao, ingawa huja bila taarifa, una watu wake: anayejua turubai liko kwa nani, anayejua masufuria makubwa yaliazimwa wapi. Likizo ndiyo haina kamati. Tunaikumbuka usiku wa kuamkia safari, na mara nyingi hata si likizo: tumekwenda kumwona mgonjwa, tukaongeza siku mbili. Nilikuwa mtu mzima kabisa nilipotambua kwamba mama yangu, aliyefundisha shule za msingi hadi akastaafu, hajawahi kulala hata usiku mmoja mahali ambapo hakuna aliyemhitaji kwa jambo lolote.

Dada yangu mkubwa ndiye aliyeanzisha mazungumzo. Ameolewa Innsbruck, Austria, mji uliozungukwa na milima, na kila mwaka theluji inaposhika shemeji huwapeleka watoto juu kuteleza kwa zile mbao ndefu za miguuni. Mama alipokaribia kutimiza miaka 70, dada akataka akae naye kule wiki moja: hoteli yenye meko sebuleni, chumba cha mvuke, viti vinavyopandishwa mlimani kwa waya. Akatuma picha. Mama alizitazama moja moja, akauliza bei, akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Pazuri, mwanangu, Mungu awazidishie. Lakini mie huko nitazungumza na nani? Nipelekeni kwenye baridi ninayoijua."

Baridi anayoijua ni ya Lushoto. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, akiwa mwalimu kijana, alipangiwa shule karibu na Mlalo, naye binti wa Tanga mjini hakuwa na hata sweta. Hadithi za miaka ile tumekua nazo: maji ya kunawa yanayouma hadi mfupani, wanafunzi wanaofika wamejitanda shuka za mama zao, ukungu unaoingia darasani mpaka waliokaa nyuma hawauoni ubao. Alizisimulia kwa raha ambayo sisi watoto hatukuielewa, maana kwetu baridi ilikuwa adhabu.

Dada hakusema "basi tutakwenda, Inshallah". Zaidi ya nusu mwaka kabla ya safari alikwisha kufungua kundi la WhatsApp, akagawa kazi, akaanza kudai majibu. Mimi nilipewa nyumba ya kulala, mdogo wetu akapewa gari, yeye akashika fedha. Mama alikuwamo kundini, na lililokataliwa na Mama lilikuwa limekataliwa. Nimekaa kwenye kamati nyingi za harusi, lakini ile ndogo ya watu wanne ndiyo iliyonifundisha kwamba kumpumzisha mtu ni kazi inayostahili akili zote tunazozitumia kumwoza.

Shemeji aliniambia kwamba hata Ulaya likizo ya baridi ni kitu kilichobuniwa na watu. Zamani wageni walikwenda milimani kiangazi, theluji ikianguka wanaondoka. Mji wa St. Moritz, Uswisi, husimulia kwamba mwaka 1864 mwenye hoteli mmoja, Johannes Badrutt, aliwaambia wageni wake Waingereza warudi wakati wa baridi. Wasiporidhika, gharama za safari ni juu yake. Walirudi, na hawakuwa na haraka ya kuondoka. Mji ule baadaye uliandaa Olimpiki ya majira ya baridi mara mbili, 1928 na 1948. Kilichokuwa kinawafukuza watu kikawa ndicho kinachouzwa.

Nilipoisikia hadithi hiyo nilifikiria milima yetu. Usambara nayo iligeuzwa mahali pa mapumziko zamani, ila hatukuwa sisi tuliopumzika. Wajerumani, walipochoshwa na joto na malaria ya pwani, walipanda juu na kuanzisha mji wa Wilhelmstal, kwa jina la mfalme wao Wilhelm II. Ndio Lushoto ya leo, kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Reli waliyoanza kuijenga Tanga mwaka 1893 ilifika Mombo mwaka 1905, na kutoka Mombo wakachonga barabara ya kupandia. Hata njia ya waya ilikuwapo kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, kutoka Shume hadi Mkumbara penye reli, lakini ile ilishusha magogo ya mwangati. Maofisa na walowezi walikaa barazani na chai yao. Wenyeji walibeba mizigo, wakapasua kuni, wakachemsha maji ya kuoga. Nadhani hiyo ni sababu mojawapo kwa nini watu wa pwani tunaiona Lushoto kuwa mahali pa shule, kozi na kabichi. Kwenda kukaa tu, kwa starehe, tumewaachia wengine.

Tarehe ilituchukulia kikao kizima. Dada alitaka Desemba, maana baridi yake ni ya Desemba. Lakini sisi tuko kusini mwa ikweta. Desemba jua liko upande wetu, vuli ndiyo kwanza inakatika, njia za vijijini zimejaa tope, na barabara kuu ya kupitia Mombo imejaa mabasi ya ndugu zetu wa Kilimanjaro wanaorudi nyumbani kwa Krismasi. Baridi ya Usambara ni ya kipupwe, Juni hadi Agosti, baada ya masika. Upepo wa kusi huja na unyevu wa bahari, ukigota kwenye ukuta wa milima hupanda, ukipanda hupoa, ukipoa huwa wingu. Kila mita 1,000 unazopanda joto hupungua kwa kama nyuzi 6. Ndiyo sababu mtu huondoka Mombo shati limelowa jasho, na kabla hajamaliza pakiti ya karanga anatafuta koti. Juu zaidi, upande wa Magamba na Shume, usiku wa Julai joto huweza kushuka chini ya nyuzi 10. Julai shule za Austria zimefungwa pia. Tukapitisha Julai.

Kisha ikaja kazi yangu, na hapo ndipo penye siri ya mambo yote. Nyumba nyingi za wageni katika nchi yetu, hata zile za milimani, zimejengwa kwa mawazo ya pwani: madirisha mapana, vigae sakafuni, feni darini. Zinapendeza kwenye picha. Usiku ukiingia, vigae vile vinaunguza nyayo kwa ubaridi, na mgeni analala amevaa kila alichonacho. Kwa hiyo dada alinipa maswali, nami nikapiga simu nyumba moja baada ya nyingine. Maji ya moto yapo saa zote au asubuhi tu? Umeme ukikatika yanachemshwa na nini? Meko iko chumbani au sebuleni peke yake, na kuni zimo kwenye bei? Mgeni akihitaji blanketi jingine usiku wa manane, anamwamsha nani? Kutoka kitandani hadi msalani kuna ngazi? Gari linafika mlangoni, au mama mwenye magoti mabovu atatembea kwenye kokoto?

Walioniambia "usijali, kila kitu kipo" niliwashukuru na kuendelea. Tulichukua nyumba ya upande wa Migambo, ng'ambo ya msitu wa Magamba, kwa sababu mwenyeji wake alinijibu kama mtu aliyekwisha kulala kwenye vyumba vyake mwenyewe. Alijua chumba gani kinapata jua la asubuhi. Alijua meko gani inarudisha moshi upepo ukigeuka. Alinitajia hata kuni zake zinatoka wapi: misonobari na mikaratusi ya kupandwa, si msitu wa asili. Hilo nilikuwa nimeliuliza kwa makusudi, kwa kuwa sikutaka starehe ya mama yangu itokane na mti wa Magamba. Ule ni Hifadhi ya Mazingira Asilia, moja ya misitu ya milima hii ya mashariki ambayo wataalamu wanasema imedumu kwa mamilioni ya miaka bila kukauka, na ndani yake mna ndege na vinyonga wasiopatikana kwingine duniani. Kwa kuni za mashamba ya miti kama lile la Serikali kule Shume, mtu anaota moto roho yake ikiwa nyeupe.

Nguo zilinipa somo ambalo sikulitafuta. Dada aliandika: koti la kuzuia upepo, soksi za sufu, kofia ya kufunika masikio, viatu visivyoteleza. Nikaenda mitumbani, na nikakuta fungu zima la makoti ya watu wa theluji, mepesi, yenye zipu mpaka kidevuni, kwa bei ya kanga mbili. Tulipofika Lushoto stendi nikaona bodaboda wengi wamevaa yale yale. Koti la mmoja wao bado lilikuwa na kile kikadi cha plastiki cha kupandia viti vya waya, kimening'inia kwenye zipu. Mtoto wa dada akakisoma, akaruka kwa furaha: ulikuwa mlima anaoujua, saa moja na kitu kutoka kwao. Yule kijana aliuliza ni mlima mrefu? Wakazungumza pale stendi, mtoto kwa Kiswahili chake cha kukatikakatika, mmoja akieleza theluji, mwenzake akieleza ukungu wa saa kumi na mbili asubuhi kwenye kona za Soni. Vifaa vya likizo ya kifahari vilikuwa vimeshafika Usambara zamani, mgongoni mwa wanaofanya kazi kwenye baridi.

Barabara kutoka Mombo hadi Lushoto ni kilomita kama 33, kona juu ya kona, mwamba upande huu na bonde upande ule. Mdogo wetu alikodi gari pamoja na dereva mwenyeji, mzaliwa wa Soni, na fungu kubwa la bajeti lilikwenda hapo. Sijutii hata shilingi. Mama alikaa mbele, ndimu mkononi kwa ajili ya kichefuchefu, na dereva alipunguza mwendo kila alipoona ameegemea. "Mama, tupumzike Soni?" "Tupumzike, mwanangu." Tukasimama karibu na maporomoko, tukanunua mapeasi na mafyulisi kwa akina mama wa pembeni mwa barabara. Hakuna aliyetazama saa.

Kutotazama saa lilikuwa sharti la dada. Huko kwao, alisema, upepo ukizidi mlima hufungwa, viti husimama, na mgeni aliyejaza ratiba yake hukaa hotelini akinung'unika. Kwa hiyo kila siku yetu ilikuwa na jambo moja tu, na siku nyingine hazikuwa na jambo. Tulipokwenda Irente, kilomita chache kutoka mjini, pale penye ukingo ambapo mlima unakatika na kuangukia tambarare za Mazinde, hatukuona kitu. Ukungu ulikuwa mweupe, mzito, umefika mpaka miguuni. Kijana aliyetuongoza, mmoja wa waliofunzwa katika ule utalii wa kitamaduni ulioanza Lushoto miaka ya 1990 kwa msaada wa shirika la SNV la Uholanzi, hakutuomba radhi wala kutuharakisha. "Shikamoo Bibi. Ukungu una saa zake. Twende tukanywe chai kwanza."

Tukaenda kwenye shamba la kanisa pale pale Irente, wanapotengeneza jibini, jamu na mkate mweusi wa Kijerumani. Tukala taratibu. Mama aliuliza habari za shule ya watoto wasioona iliyo jirani, akapata mwalimu wa kuzungumza naye, na mazungumzo ya walimu hayana mwisho. Tuliporudi ukingoni wingu lilikuwa limechanika. Chini kabisa, kwenye joto, mistari ya mkonge, barabara kuu, na nyika ikienda mpaka macho yanachoka. Nimewahi kupita ile barabara ya chini kwa basi, nikiitazama milima hii kama ukuta. Kuitazama barabara kutoka juu, nikiwa nimekaa karibu na mama yangu asiye na haraka, kulinionyesha jinsi tulivyozoea kupita tu katika nchi yetu.

Mlalo ilikuwa matakwa yake mwenyewe. Dada alihofia vumbi na mashimo. Mama akasema safari bila Mlalo ni yetu, si yake. Tukaenda asubuhi na mapema kwa mwendo wa pole, kupitia makonde ya matuta yaliyopandwa karoti, viazi na kabichi hadi kwenye miinuko ambayo mgeni hadhani mtu anaweza kusimama. Mji ule uko bondeni, na nyumba zake za zamani za ghorofa, zenye roshani za mbao zilizonakshiwa, bado unaziona. Wamisionari wa Kilutheri walifika huko mwaka 1891. Mama alikuwa akitaja mambo kabla hatujayafikia: pale palikuwa na duka la Mwarabu, hapa daraja lilizolewa na mvua.

Shuleni tulikuta madarasa mapya mbele, na lile lake la zamani nyuma, limekuwa ghala. Alisimama mlangoni. Mzee mmoja mwenye mvi, aliyekuwa akipita na jembe begani, akamtazama, akaweka jembe chini. "Shikamoo, Mwalimu." Alikuwa darasa la tatu wakati ule. Alikumbuka kwamba Mama aliwaruhusu wasogeze madawati yao karibu karibu wapate kuota joto la wenzao, na kwamba mwalimu mkuu alikasirika. Mama hakulikumbuka hilo hata kidogo. Walikaa kwenye ngazi za darasa wakiulizana majina, nani yuko Dar, nani katangulia mbele ya haki. Sisi tulikwenda kukaa mbali, kwenye jua.

Jioni zilikuwa za meko. Watoto wa dada walitaka kujua kama Tanzania kuna theluji ya kutelezea, na shemeji, anayezipenda habari hizi, akawaambia kwamba mwaka 1912 Wajerumani wawili, Walter Furtwängler na Siegfried König, walipanda Kilimanjaro na kushuka kwa mbao za theluji kutoka Kibo, na barafu mojawapo kule juu ina jina la Furtwängler hadi leo. Kisha akaongeza lililowanyamazisha: tangu mwaka ule zaidi ya asilimia 80 ya barafu ya Kibo imeyeyuka. Kwao pia hoteli za milima ya chini sasa hutengeneza theluji kwa mashine, kwa kuwa ya mbinguni haitoshi. Mwenyeji wetu, aliyekuwa akichochea moto, alisema wazee wa Migambo nao husema baridi ya sasa si ile. Mimi si mtaalamu wa hali ya hewa. Ila najua kwamba Mama alipopanga kuionja tena baridi yake asingeweza kuahirisha sana, na pengine hata baridi yenyewe haitatungoja.

Kuna mtu ambaye sitaki kumaliza bila kumtaja, ingawa jina lake nalihifadhi. Kila siku kabla ya jua kuchomoza alikuja kwenye kila mlango na ndoo ya maji ya moto, akaondoa majivu, akawasha moto upya kwa maganda makavu ya mikaratusi, akaondoka bila kumwamsha mtu. Usiku alileta chupa za mpira zenye maji ya moto, akaziweka chini ya blanketi, upande wa miguu. Tangu kikao cha kwanza dada alikuwa ametenga fungu la watu: mwasha moto, mpishi, dereva, kijana wa kuongoza. Anasa yote ya Tirol, jimbo lao, alisema, imesimama juu ya wanaoamka saa 10 alfajiri kusawazisha theluji, na huko nao wanalipwa. Hakutaka wa kwetu wapewe "asante" na nauli ya soda. Naona aliona sawasawa. Mtu anayeweza kulipia chumba chenye meko anaweza kumlipa vizuri anayeiwasha, na asiyeweza apunguze siku.

Mama alilala. Hilo ndilo lililonishangaza kuliko Irente na kuliko Mlalo. Mwanamke aliyeamka saa 11 alfajiri maisha yake yote alilala hadi jua likagusa blanketi, akaletewa chai ya maziwa na tangawizi, akainywa akitazama mbega wakiruka kwenye miti ya ng'ambo. Hakuna aliyemuuliza chumvi iko wapi.

Milima ile ipo, barabara yake ina lami mpaka mjini, na kipupwe huja kila mwaka. Wageni kutoka Uholanzi na Ujerumani huandika nafasi zao mapema. Sisi tulio mwendo wa nusu siku tunafika nafasi zimekwisha, tunarudi tukisema Lushoto hakuna malazi. Ukitaka Julai, mwezi wa nne uwe umekwisha kupiga simu. Uliza maji ya moto, uliza kuni na zilikotoka, uliza gari linafika mlangoni. Acha siku mbili tupu. Tenga fungu la watu wa kazi. Kisha mpe mama yako tarehe, naye aanze kutafuta sweta.